Harusi, mgahawa, mkonge na fainali: nizikubali zote?

SWALI: Shikamoo kaka. Nina miaka 24, naishi Tanga. Napiga picha za harusi na sendofu, na huu ni mwaka wangu wa pili. Vifaa vyangu ni kamera moja, lenzi iliyokuja nayo ya milimita 18–55 na flashi moja. Mwezi huu nimefuatwa na watu watatu ambao si wa harusi. Mgahawa unataka picha za vyakula vyao, shirika moja linataka picha za wakulima wa mkonge kwa ajili ya ripoti, na timu ya mtaani kwetu inataka niwapigie fainali. Ya mpira ndiyo inayonitia hofu. Ya wakulima naiona rahisi. Wenzangu wananiambia nibaki na harusi, mshika mawili moja humponyoka. Wewe umepiga karibu kila kitu. Nizikubali? Na nikizikubali, ninunue lenzi gani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Zikubali zote tatu. Ila hofu yako umeiweka mahali sipo: mpira utauweza, na hao wakulima unaowaona rahisi ndio watakaokutoa jasho. Habari ya lenzi nitaiweka mwisho kwa makusudi. Nawajua wapiga picha, wakishaona namba ya lenzi hawasomi tena.

Tuanze na hao wenzako. Kwenye kuuza wana haki. Mama wa bibi harusi akifungua ukurasa wako akakutana na kipa amelala matopeni, sahani ya ngisi na rundo la mkonge, atajiuliza kama binti huyu anaijua kazi anayoitiwa. Kwa hiyo ukurasa wako uache na harusi zake, na hizo nyingine zikae kwenye folda ya kumwonyesha anayeuliza. Lakini kuuza ni jambo moja, kujifunza kuona ni jingine. Mimi kila nilipokwama kwenye kazi ya aina moja, dawa niliipata kwenye kazi isiyohusiana nayo kabisa.

Na si mimi peke yangu. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alishika kamera akiwa bado mwanafunzi na akaanza na mashindano ya magari ya Safari. Mwaka 1963 akafungua Camerapix, kampuni yake ya picha, hapo hapo Dar, na mwaka uliofuata alikuwa Zanzibar kwenye Mapinduzi. Baadaye akapiga Hija, wanyama, vita, marais. Mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono mwaka 1991, akarudi kazini na mkono wa bandia. Sidhani kama kuna aliyethubutu kumwambia abaki na magari.

Mimi nilianzia chini zaidi. Mwaka 1994 niliajiriwa kwenye studio ndogo Kariakoo, kazi yangu picha za paspoti: kiti kimoja, pazia jeupe, taa mbili, foleni mlangoni. Filamu ilikuwa na picha 36, na mwenye studio alizihesabu kama mpishi wa shughuli anavyohesabu minofu. Mtu mmoja, picha moja, ukirudia, ujieleze. Nilikuwa na sekunde kama ishirini za kumtuliza mtu aliyetoka kugombana na kondakta. Nikagundua kwamba ukimwambia mtu "tulia" ndipo anapokakamaa. Mwambie ashushe mabega, avute pumzi, aitoe. Pumzi ikishatoka, kabla hajakumbuka kwamba anapigwa picha, uso unafunguka kwa nusu sekunde hivi. Hapo ndipo ninapobonyeza mpaka leo, awe bwana harusi au mvuvi. Hakuna aliyenifundisha hilo kwenye harusi. Kwenye harusi ningeendelea kuwaambia watu waseme "cheese" ili watabasamu, hadi uzeeni.

Haya, fainali. Unaogopa kwa sababu unadhani kazi yako ni kunasa mpira ukitikisa wavu. Kwa 18–55 hilo huliwezi, na usiwaahidi. Hata ukivuta mpaka mwisho, mchezaji anajaza picha akiwa hatua chache tu kutoka ulipo. Akiwa katikati ya uwanja ni sisimizi. Waambie viongozi mapema, tena kwa maandishi, kwamba utawapigia siku yao na si kila goli: kikao cha mwisho kabla ya kuingia, nahodha akifunga kamba za viatu, mashabiki, kocha, kombe. Wakitaka magoli, wachangie kukodi lenzi ndefu kwa siku moja. Uwanjani kaa karibu na kibendera cha kona, nyuma ya mstari, chini kabisa, hata kwenye nyasi. Ukipiga umesimama, wachezaji wanakuwa wafupi na nyuma yao kuna mchanga mtupu. Ukipiga umekaa wanarefuka, na nyuma yao kuna mbingu na watu. Kasi ya shata usiishushe chini ya 1/1000 ya sekunde mwanga ukiwepo, na 1/500 iwe ndiyo sakafu yako. Weka fokasi ile inayomfuata mtu akikimbia, si ile inayojifunga mahali pamoja.

Na uchunge saa. Mechi ya saa kumi ikienda mpaka penalti utajikuta saa kumi na mbili, na huku kwetu karibu na ikweta jua halizami kwa madaha, linadondoka. Mwanga ukianza kukimbia, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga, bila huruma, 3200, 6400, shata uiache pale pale. Picha yenye chembechembe timu wataitundika ofisini. Picha ya ukungu wataifuta.

Kuna somo la uwanjani nililolilipia kwa aibu. Nilipangiwa mechi ya watani, Simba na Yanga, pale Benjamin Mkapa, uwanja wa watu 60,000. Nilikuwa na lenzi kubwa ya kuazima na kiburi kikubwa kuliko lenzi. Goli likafungwa mbele yangu, nikalinasa, nikashusha kamera kutazama kioo kama limeingia. Nilipoinua kichwa, kipa alikuwa ameshainuka na kujipangusa. Mwenzangu aliyekaa ubavuni mwangu hakutazama kioo. Alimpata kipa amepiga magoti, paji la uso limeegemea nguzo, nyuma yake jukwaa zima limesimama. Goli langu lilifanana na magoli ya wapiga picha wengine wote waliokaa upande ule. Kipa wake alikwenda ukurasa wa mbele.

Tangu siku hiyo sekunde kumi baada ya tukio ni zangu. Ukirudi kwenye harusi zako utaziona: pete ikishavishwa, wapiga picha wote wanainamia vioo vyao, na baba wa bibi harusi, aliyejikaza tangu asubuhi, anatoa leso.

Mgahawa ni kazi ya dirisha. Omba kuingia saa tatu asubuhi, kabla jiko halijazidiwa na wateja wa mchana. Vuta meza karibu na dirisha au mlango mkubwa, kisha zima taa zote za ndani. Watashangaa, wazime tu. Balbu ina umanjano, tyubu ina ukijani, jua lina rangi yake. Vikikutana kwenye sahani moja ya wali, hakuna programu itakayokusaidia. Mwanga uje kutoka ubavuni au nyuma kidogo ya chakula, na flashi iache kwenye mkoba, maana flashi ya juu ya kamera humgeuza samaki wa kupaka akafanana na kandambili. Jua likipiga moja kwa moja, tundika shuka jeupe dirishani. Mwanga hulainika kadiri chanzo chake kinavyokuwa kikubwa mbele ya kile unachokipiga, na shuka limekutengenezea taa ya upana wa dirisha zima bila senti. Upande wa pili, kule kwenye kivuli, simamisha karatasi ya manila nyeupe. Kamera iwe juu ya stendi, tundu la lenzi f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), shata hata 1/15, na utumie kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisitikise. Sahani haikimbii.

Kinachokimbia ni ubichi. Mchicha hufifia, wali hukauka juu, mchuzi hufanya utando. Kwa hiyo mwanga upange ukitumia sahani ya mfano, yoyote iliyopo, na chakula chenyewe kiitwe ukiwa tayari. Brashi ndogo ya mafuta itarudisha mng'ao wa nyama. Mvuke hauonekani mpaka uwe na giza nyuma yake na mwanga unaotokea huko huko nyuma, na unao kama dakika moja tu. Na umuulize mpishi, si mwenye mgahawa, ni chakula gani anachojivunia. Mwenye mgahawa atakutajia chenye faida. Mpishi atakupikia kile atakachokipanga mwenyewe kwenye sahani kwa mikono miwili.

Utasikia ujanja wa kuweka gololi ndani ya bakuli, chini kabisa, ili nyama zielee juu ya supu. Usifanye. Mteja wa Tanga atakuja na ile picha kwenye simu yake, atahesabu nyama zilizomo, na atadai zake.

Sasa mkonge, na hapa nitakaa.

Kwanza ufundi. Singa, zile nyuzi za mkonge, zikitoka kwenye korona, ile mashine ya kuchakata majani, na kuanikwa juani ni nyeupe kiasi cha kuumiza macho, na mita ya kamera yako, ile inayopima mwanga, haina habari na weupe wala weusi. Inadhani kila ilichoelekezewa ni kijivu, kitu kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Ukiielekeza kwenye kamba za singa inapunguza mwanga ili weupe ushuke uwe kijivu, na mtu aliyesimama katikati yake anageuka kivuli chenye kofia. Si jambo geni kwako: ni shela lile lile la bibi harusi. Ukipima eneo zima, ongeza hatua moja (hatua moja ni mwanga mara mbili) au moja na nusu. Ukipima uso peke yake kwa ile mita ya nukta, kumbuka kwamba nao itautaka uwe kijivu. Kwa mtu mweusi tititi punguza kama hatua moja, kwa maji ya kunde pengine nusu, kisha utazame grafu ya mwanga, usiamini kioo kilichopigwa na jua. Piga kwa RAW, faili ghafi la kamera. Kama lazima kitu kiungue, ziungue singa chache pembeni. Uso usiuguse.

Ngozi nyeusi huonekana kwa mng'ao zaidi ya kwa mwanga mtupu. Mweke mtu kwenye ukingo wa kivuli, barazani au chini ya paa la korona, upande mmoja wa uso ukitazama kule kwenye uwazi, na utaona mwanga unateleza kwenye shavu na kuchora mfupa. Mchanga mweupe mbele ya miguu yake utakusaidia kurudisha mwanga machoni. Usimpake poda.

Haya mambo ya rangi yana historia, na niliikuta ingali hai. Tangu miaka ya 1950 maabara za picha zilitumia kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke wa Kizungu kupimia rangi. Kadi za Shirley, ndivyo zilivyoitwa. Uso wake ukitoka vizuri, mashine iko sawa. Sisi Kariakoo tulipokea picha kutoka maabara, watu wote wa familia moja wana rangi ya jivu, na fundi anakuambia mashine imepima vizuri. Ilibidi kukaa naye, kumwomba abonyeze tena na tena, hadi mama mtu afanane na mama mtu. Siku hizi mashine zimebadilika lakini kibonyezo cha "kung'arisha" kipo kwenye kila simu, na wateja watakuomba: nitakatishe kidogo, dada. Mimi chunusi naondoa. Rangi ya mtu siigusi, na nimepoteza wateja kwa hilo.

Jambo la pili ni jua. Magari ya mashirika hufika shambani saa sita mchana. Sijui kwa nini, lakini katika maisha yangu ya kazi sijawahi kuona lililofika saa kumi na mbili asubuhi. Saa sita Tanga, hasa mwezi Machi na Oktoba, jua linasimama karibu wima utosini, na macho ya mtu yanageuka mashimo mawili meusi. Wakataji huingia shambani alfajiri ili kulikwepa jua hilo hilo. Omba kulala huko usiku wa kuamkia kazi, au jitegemee nauli ya bodaboda. Na ukipiga magoti katikati ya mkonge, jicho moja kwenye kamera, kumbuka kila jani mbele yako limeishia kwenye mwiba. Songa polepole.

Lakini yote hayo utayaweza. Kilichonifanya nikuambie kazi hii ni nzito ni wale watu.

Miaka kadhaa iliyopita nilipelekwa kijijini kupiga picha za mradi wa maji. Nikampiga mama mmoja amesimama kando ya ndoo, picha nzuri kweli, uso wenye uchovu na heshima pamoja. Aliniruhusu. Aliambiwa ni ya maji, na mimi niliambiwa ni ya maji. Miaka miwili baadaye mtoto wake aliyekuwa anasoma mjini akamkuta mama yake kwenye bango, juu ya maneno ya kuhimiza watu wapime ugonjwa ambao mama yule hakuwa nao. Picha ilihama kutoka idara moja kwenda nyingine, hakuna aliyefikiri kuuliza. Nilifunga safari kwenda kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa chai na mihogo, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mumewe hakumsemesha kwa wiki nzima, na kwamba kisimani watu walikuwa wakimpisha. Hakunitukana. Ningeona nafuu angenitukana.

Kwa hiyo kabla ya kukubali, mwambie afisa wa shirika akuandikie picha zinakwenda wapi: ripoti, bango, mtandao, na kwa mada ipi. Kwenye mkataba weka sentensi moja inayosema picha zisitumike kwa mada nyingine bila kukuuliza wewe na mhusika. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha inayomtambulisha mtu haiwezi kuchukuliwa kama kitu cha kuokota njiani. Idhini usiipokee kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji wala kwa mratibu aliyekuleta. Ipokee kutoka kwa mtu mwenyewe, kwa lugha anayoiota usiku, baada ya kumwonyesha kwenye simu mfano wa bango na mfano wa ripoti. Mtoto, muulize mzazi. Na anayekataa, mshukuru, usimzungushe.

Uliza majina pia. Mkonge uliletwa huko kwenu mwaka 1893, na tangu enzi za Wajerumani mashamba yake yamepigwa picha nyingi. Katika zile za zamani nilizowahi kuziona, mara nyingi msimamizi ana jina lake chini ya picha, na wakataji ni "wafanyakazi". Beba daftari. Jina, kijiji, anafanya nini pale, ana muda gani kwenye kazi hiyo. Ukimuuliza mtu kazi yake hivyo, atakuonyesha mikono yake bila kuombwa, na picha ya mikono ya mkata mkonge nakuhakikishia shirika halikuiweka kwenye orodha yao.

Orodha yenyewe isome kwa makini. Picha za njaa ya Ethiopia, zile Mohamed Amin alizozipiga Korem na zikarushwa na BBC mwezi Oktoba 1984, ziliitikisa dunia na msaada ukaenda. Sina ugomvi nazo, palikuwa na njaa. Ugomvi wangu ni na waliokuja baadaye wakitaka uso ule ule mahali pasipo na njaa. Ukiona orodha imeandikwa "mama mwenye huzuni" au "watoto peku", uliza: na kama mama anacheka? Kipimo changu ni cha kishamba. Nikiiweka picha hii kwenye fremu nikampelekea mwenyewe, ataitundika sebuleni au ataigeuza ukutani? Na kweli mpelekee. Nakala moja ya karatasi kwa kila uliyempiga, gharama yake uiingize kwenye bei tangu mwanzo.

Kazi hizo zikupe nini unaporudi ukumbini? Ukishazoea dirisha la mgahawa, utaacha kumwaga flashi usoni mwa watu. Utaigeuza ipige dari irudi. Lakini tazama dari kwanza: kumbi zetu zimejaa vitambaa, na flashi ikipiga kitambaa cha zambarau, meza kuu nzima inapata homa ya zambarau. Tafuta ukuta mweupe, au mwombe rafiki asimame na ile manila yako. Taa za mapambo zikikuchorea mistari kwenye picha, ni kwa sababu nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, umeme wetu ukiwa wa hezi 50. Shusha shata iwe 1/100 au 1/50 na uache ile shata ya kimyakimya. Na kiyoyozi. Mimi nilimkosa bibi harusi akishuka kwenye gari, dakika nzima ya kwanza, kwa sababu nilitoka na kamera kwenye chumba baridi cha hoteli kuingia kwenye joto la pwani, na kioo cha lenzi kikajaa umande. Nilipangusa, ukarudi. Nilipangusa tena. Picha zote za kushuka garini zilikuwa kama za ndotoni, na familia hawakuzitaka ndoto. Tangu hapo mkoba wangu unatangulia nje nusu saa, umefungwa zipu, upate joto taratibu.

Kuna kazi nyingine zitakujia usizoziwazia. Msiba, kwa mfano; utaitwa, kwa kuwa ndugu waliopo mbali wanataka kuona. Zima flashi, zima mlio, kaa mbali, valia kama mfiwa, na umuulize mkubwa wa familia wapi kamera isifike. Uso wa marehemu sipigi, hata nikilipwa, isipokuwa familia nzima imekaa na kukubaliana mbele yangu. Mbuga zitakuja pia, na nitakupa la mbuga kwa ufupi kwa sababu kila mtu anaandika kuhusu mbuga: zima injini, weka lenzi juu ya mfuko wa maharage dirishani mwa gari, kisha ungoje. Nilikaa saa tano kando ya Mto Mara nikiwatazama nyumbu elfu kadhaa wakikataa kuvuka. Waliondoka, nasi tukaondoka. Malipo yalikuwa yale yale, na siku hiyo nilijifunza kungoja kuliko siku waliyovuka.

Haya, lenzi. Nunua ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ile ya plastiki, ya bei ya chini kuliko zote. Lenzi yako ya sasa ukiivuta mpaka hapo inafunguka f/5.6 tu, kwa hiyo hii inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Mgahawani italainisha kilicho nyuma ya sahani, ukumbini itakuondoa kwenye ISO za kutisha, na kwa mkata mkonge kwenye kivuli cha korona utapata uso wake mbele na mashine nyuma ikiwa laini. Ila uwe makini na f/1.8 yenyewe. Jicho likiwa sawa, sikio tayari ni ukungu. Piga f/2.8 mpaka mkono uzoee. Kwa kuwa kamera za kuanzia nyingi zina sensa ndogo, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, itakubana kidogo ndani ya vyumba. Rudi nyuma hatua mbili, au irudishe ile 18–55 pale unapohitaji upana. Usiiuze.

Ukinunua ya mkononi, na kwa Tanga hili ni muhimu, washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi na uchungulie upande wa pili. Vumbi kidogo si tatizo. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu ya unyevu wa pwani, na itaendelea kula kioo hata ukiifungia kabatini. Mrudishie mwenyewe, hata akipunguza bei mara tatu. Yako ukishaipata, iweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unavyovikuta kwenye maboksi ya viatu. Mchele usitumie, unga wake unaingia kwenye pete ya kuzungushia.